Sura ya Sita: Mgeni wa Kipupwe

Swali moja hurudi kila mwaka Juni inapokaribia. Rafiki uliyesoma naye Mwanza, au mliyefanya kazi pamoja Dar es Salaam, au Mjerumani mliyekuwa naye kwenye mradi fulani, amepiga simu: nina likizo mwezi wa saba, nakuja Mpanda. Umefurahi, chumba kipo, kuku yupo. Kisha unajiuliza: huyu mtu nitampeleka wapi? Nyasi zimekauka, vumbi limetanda barabarani, vijito vimebaki mchanga mtupu, na asubuhi baridi inauma masikio. Wengi humkalisha mgeni sebuleni mbele ya televisheni, wakamwambia kwa masikitiko kwamba angekuja Februari angekuta nchi ya kijani.

Mimi nasema mgeni huyo kachagua vizuri. Kwa Mkoa wa Katavi, Juni hadi Agosti ndiyo miezi bora ya kutoka nje, na kinachoifanya bora ni ukavu huo huo tunaouombea radhi. Februari maji yako kila mahali na wanyama wako kila mahali, maana yake huwaoni. Julai maji yamebaki sehemu chache, na kila chenye uhai kinazifuata. Ukijua sehemu hizo na saa za kuzifikia, ratiba ya mgeni wako imeshapangika.

Baridi hii inatoka wapi?

Kipupwe ni majira ya baridi na ukavu, kuanzia Juni hadi Agosti. Katavi haina masika na vuli kama pwani. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kuishia Aprili, na baada ya hapo mbingu zinafunga.

Katikati ya Juni jua la utosini liko mbali kaskazini, usawa wa kusini mwa Misri, kwa hiyo huku kwetu linapita kwa kuinama. Wakati huo huo nusu ya kusini ya dunia iko katika baridi yake kuu, na upepo wa kusi unavuma kutoka huko ukiwa mkavu. Mji wa Mpanda wenyewe uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita elfu moja. Lakini kinachofanya alfajiri ziwe kali ni anga tupu. Mawingu ni blanketi la ardhi usiku, na kipupwe ardhi hulala bila blanketi: joto lote la mchana linapaa juu na kupotea. Ndiyo maana saa nane mchana mtu anatembea na fulana, na alfajiri ya siku hiyo hiyo alikuwa amejikunyata ndani ya koti la mtumba.

Mgeni kutoka Ujerumani au Kanada atacheka ukimwambia habari za baridi. Mwache acheke hadi utakapomweka juu ya gari la wazi saa moja asubuhi, gari likaanza kukimbia. Mgeni wa Dar es Salaam au Mombasa hatacheka kabisa, yeye mwandalie blanketi la pili tangu siku ya kwanza.

Jambo jingine ambalo mgeni wa pwani hulishangaa ni saa. Tanzania nzima inafuata saa moja, ila sisi tuko mbali magharibi, na jua la Mpanda huchomoza takriban nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam. Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwetu bado ni kiza. Upande wa jioni tunafidiwa, maana mwanga unaendelea hadi karibu saa moja. Panga safari zako kwa jua la hapa, usipange kwa mazoea ya mgeni.

*Kwa ufupi: baridi yetu ni ya usiku na alfajiri, mchana ni wa kupendeza, na siku huanza na kumalizika kwa kuchelewa.*

Mto unapokatika vipande

Anza na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na uipe sehemu kubwa ya siku za mgeni. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1974, ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, na makao yake makuu yako Sitalike, kama kilomita 35 kusini mwa Mpanda. Watalii wengi humalizikia Serengeti na Ngorongoro, wala hawafiki huku. Kwa hiyo mgeni wako anaweza kukaa mbele ya kundi la nyati asubuhi nzima bila kuona gari jingine.

Uti wa mgongo wa hifadhi ni Mto Katuma. Unaingia Ziwa Katavi, unapita uwanda wa Katisunga, unafika Ziwa Chada, kisha maji yanaendelea kwa jina la Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Mvua za huku zikiwa zimepamba moto, Katavi na Chada ni maziwa kweli, na barabara za uwanda ni tope jeusi linalomeza gari hadi kwenye ekseli. Kipupwe maziwa hayo hugeuka mbuga za nyasi, na mto unakatika vipande vipande, kidimbwi hapa, kidimbwi pale, na kati yake tope lililopasuka.

Hapo ndipo viboko wanapokusanyika. Kiboko ana uzito wa tani moja na nusu au zaidi, lakini ngozi yake haistahimili jua. Isipolowa inakauka na kupasuka. Mwili wake hutoa ute mwekundu unaokinga ngozi dhidi ya jua na vijidudu, na huo ndio watu wanaouita jasho la damu, ingawa si jasho na si damu. Ute peke yake hautoshi. Mchana kutwa anahitaji maji, na akikosa maji anahitaji tope. Usiku hutoka na kutembea kilomita kadhaa akila majani, kilo arobaini hivi kwa usiku mmoja, kisha anarudi kabla jua halijawaka.

Mpeleke mgeni eneo la Ikuu, simamisheni gari juu ya ukingo, zimeni injini. Kwanza ataona kitu kama mawe ya kijivu yaliyosongamana. Kisha jiwe moja litapiga miayo. Migongo imegusana kiasi kwamba yangeyange, wale ndege weupe, wanatembea kutoka mmoja hadi mwingine bila kulowesha miguu. Huyu anageuka upande ili tope lifike mgongoni, jirani yake anaguna, dume mkubwa wa mwisho kule anainua kichwa na kuachama hadi meno ya chini yanaonekana yote, na kundi zima linatikisika kama chungu kilichoanza kuchemka. Harufu ni kali. Mwambie mgeni mapema, halafu mwambie avumilie, kwa sababu baada ya dakika kumi hataisikia tena, na baada ya nusu saa hatataka kuondoka. Kadiri miezi inavyosonga kuelekea Oktoba nafasi inazidi kuwa finyu, na madume hupigana hadi kuuana. Julai mnaona mwanzo tu wa msongamano huo, na kwa mgeni wa mara ya kwanza mwanzo unatosha.

Mamba wana njia yao. Maji yakiisha kabisa hawafuati kidimbwi, wanaingia kwenye ukingo. Tafuteni kuta za mto zilizo wima, mahali mizizi ya miti imening'inia, mtaona mashimo makubwa. Tumieni darubini. Ndani ya kivuli kuna pua, nyuma yake pua nyingine, na juu yao mkia wa mwingine tena. Wamelala mle wakipunguza kila shughuli ya mwili, na wanaweza kukaa muda mrefu bila kula, wakisubiri mvua. Sijui mahali pengine rahisi kufikika ambapo mtu anaweza kuona jambo hili kwa macho yake.

Ongezeni nyati wa Katisunga na Chada, wanaotembea kwa mamia, siku nyingine kwa maelfu. Ongezeni tembo wanaochimba mchanga wa mto kwa mguu ili kufikia maji ya chini, simba wanaolala karibu na vidimbwi kwa kuwa wanajua chakula kitakuja chenyewe, twiga, pundamilia, na juu ya miti furukombe, yule tai wa samaki mwenye kichwa cheupe.

Kando ya Ziwa Katavi kuna mkwaju unaoheshimiwa. Simulizi za wenyeji zinasema roho ya Katabi, mwindaji mkubwa wa zamani, inakaa hapo, na jina la hifadhi limetoka kwake. Watu bado huacha sadaka ndogo chini ya mti. Mwombe askari awapeleke, na umweleze mgeni kwamba hapo ni mahali pa ibada. Piga picha baada ya kuuliza.

Saa za kwenda, na mbung'o

Ingieni mapema. Asubuhi wanyama wanatembea, mwanga ni mzuri, na kuna faida nyingine isiyoandikwa kwenye vipeperushi: mbung'o bado wamelala. Mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo, ni nzi wanaofyonza damu na wanaoweza kueneza malale, ugonjwa unaoshambulia mishipa ya fahamu. Nzi hawa hawaruki vizuri kwenye baridi. Jua likipanda wanaamka, na msituni watalifuata gari, maana huvutwa na kitu kikubwa kinachokwenda. Kwenye uwanda wa wazi wanapungua. Kwa hiyo piteni msituni alfajiri, mchana kaeni uwandani kwenye vidimbwi, na mnaporudi pandisheni vioo.

Vya kubeba ni vichache:

- Sweta nzito au koti la asubuhi, na kofia ya mchana.
- Nguo za rangi ya udongo au majani makavu. Buluu na nyeusi huwaita mbung'o, ndiyo maana vitambaa vya mitego mnavyoviona vimening'inia porini vina rangi hizo.
- Mafuta ya kujipaka. Hewa ya kipupwe hupasua midomo na visigino.
- Darubini, hata ya kuazima.
- Chupa ya chai, michembe ya kuchemsha na karanga.

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa hadi vikauke, kisha huchemshwa wakati wa kula. Ndugu zetu Wasukuma na Wanyamwezi ndio mafundi wake. Kwa asubuhi yenye baridi sijaona kifungua kinywa kinachoishinda.

Mkitaka kutembea kwa miguu, na nashauri mtembee japo mara moja, lazima muwe na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Mtamwita afande kama kila mtu anavyomwita. Afande atawapanga mstari mmoja, atawaambia mnyamaze, na kuanzia hapo mgeni atagundua mambo ambayo gari lilimficha: nyayo za fisi juu ya nyayo za nyati, kinyesi cha tembo kilichojaa mbegu, joto la mchanga baada ya kivuli. Kiingilio hakilipwi kwa noti getini, hulipwa kwa kadi au namba ya malipo. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo sana akilinganishwa na mgeni wa nje, kwa hiyo mwambie rafiki yako wa ng'ambo bei yake kabla hajafunga safari, asije akaona aibu getini.

Fedha zikiwa haba, nendeni Sitalike tu. Viboko wa Katuma wanaonekana kutoka kijijini, bila kuingia hifadhini. Masharti ni matatu nayo hayana mjadala: kaeni mbali na ukingo, msisimame kamwe kati ya kiboko na maji, na jua likizama ondokeni mtoni. Wakati huo yeye ndiye anayetoka kwenda kula.

Siku moja ya msitu na asali

Usimpe mgeni wanyama peke yake. Sehemu kubwa ya Katavi ni miombo, yaani msitu wa miti mirefu kiasi iliyoachana, kama mtundu na mninga, ambayo hupukutisha majani wakati wa ukavu. Kutembea chini yake mwezi wa saba ni raha ya namna yake. Majani makavu yanalia chini ya kiatu, mwanga unafika hadi ardhini, nyoka ni wachache kwa sababu ya baridi, na mtu anaona mbali.

Miezi hii ndiyo watu wanapoingia porini kurina, kutoa asali kwenye mizinga. Inyonga, wilayani Mlele, ni jina kubwa katika kazi hii. Mkipata mfugaji wa nyuki atakayekubali kuwapeleka, muulizeni anatumia mizinga ya aina gani. Mzinga wa gogo au wa mbao hudumu miaka. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuchuna mti mzima mzunguko, na mti uliochunwa hivyo hufa. Mimi hununua asali ya yule aliyeacha magome, na humweleza mgeni sababu, ili naye anaporudi kwao na chupa yake ajue kilichomo. Kula sega mbichi porini, nta na vyote, ukilamba vidole, ni jambo ambalo hakuna hoteli inayoweza kuliuza.

Jioni washeni moto nje ya nyumba. Mgebuka wa Ziwa Tanganyika juu ya makaa, wali wa Mpimbwe, kachumbari, basi. Kisha zimeni taa za nje mwangalie juu. Anga la kipupwe halina mawingu, na Julai ile njia nyeupe ya nyota inapita karibu na utosi. Nge, kundi la nyota lenye mkia uliokunjwa, liko juu kabisa, na Msalaba wa Kusini unaelekea kuzama upande wa kusini-magharibi. Mgeni wa Ulaya kaskazini hajawahi kuuona Msalaba huo kwao. Mgeni wa Dar es Salaam anao juu ya paa lake kila mwaka, ila taa za mji humfichia mengi.

Karema, ziwa na upepo

Kama mgeni ana siku za ziada, mpeleke Karema, wilayani Tanganyika, zaidi ya kilomita mia moja magharibi mwa Mpanda. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na duniani linazidiwa na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Maji mengi kiasi hicho hayapoi haraka. Asubuhi ya Julai, ukiwa umetoka kwenye baridi ya nchi kavu, ukiingiza mguu ziwani utayakuta maji yana joto kuliko hewa. Ulizeni wenyeji mahali salama pa kuogelea, kwa ajili ya mamba na ya kichocho, kisha ogeleeni asubuhi. Kusi huchafua ziwa miezi hii, mawimbi huwa makubwa, na safari ya mtumbwi kwa kujifurahisha si ya mchezo. Nahodha akisema leo haiendeki, msimbembeleze.

Karema ina historia ya kumpa mgeni mchana mzima. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili, alijenga kituo hapo, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita White Fathers. Hapo ndipo alipofanya kazi Adrien Atiman, aliyezaliwa katika nchi ambayo sasa ni Mali, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuwatibu watu wa ziwa hadi alipofariki mwaka 1956. Mgeni ataona kwamba majengo ya zamani yako mbali na maji. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ziwa lilipata mwanya wa kutokea upande wa Kongo, kwenye Mto Lukuga, na miaka iliyofuata likashuka kwa mita kadhaa.

Jambo moja uliza kabla ya safari. Watu hupenda kuwaonyesha wageni taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na nchi zinazolizunguka zilikubaliana hivyo. Kwa kipupwe, basi, huenda mkakuta ziwa halina taa hata moja. Piga simu Karema au kwa jirani zao wa Ikola uulize mwaka huu ukoje, na kama ziwa limefungwa mweleze mgeni sababu. Ni habari inayomhusu kila anayekula mgebuka.

Swali ambalo mgeni lazima ataliuliza

Akishaona viboko wamesongamana kwenye tope, mgeni atauliza: ni kila mwaka hivi? Usimjibu kwa mkato. Katuma umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi tangu zamani, na wanyama wameuzoea ukavu huo. Lakini mto haukauki kwa sababu ya jua tu. Juu yake, kabla haujaingia hifadhini, maji huchepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga, na miaka mingine mabwawa na mifereji isiyo na kibali imeufanya uishiwe maji mapema kuliko kawaida. Wali mliokula jana jioni na tope mlilolitazama asubuhi vinatoka kwenye maji ya aina moja. Mkulima anayefungua mfereji ana watoto wa kulisha, naye si adui wa mtu. Mfereji wenye kibali na mlango wa kufunga huuachia mto sehemu yake. Uliochimbwa usiku hauuachii.

Kwa hiyo tenga nusu siku ya kupanda upande wa juu wa Katuma, kwenye mashamba. Mpunga utakuwa umeshavunwa, mabua yamebaki, ng'ombe wanayala. Tembeeni juu ya matuta, salimieni watu, ulizeni maji yanaingilia wapi na yanafungwa na nani. Wakulima hupenda kuulizwa na mtu aliyekuja kwa miguu, na mara nyingi mgeni ndiye anayeuliza swali ambalo sisi wenyeji tumekaa nalo miaka bila kulitamka. Bebeni maji ya kunywa, kwa sababu mchana kule hakuna kivuli, na mrudi barabarani kabla ya saa kumi na mbili mpate bodaboda za kuwarudisha mjini.